Re: Shemeji hapati usingizi tangu aingie kambini, ni vita au ni kambi?

Dada, umeuliza kama kukosa usingizi kwa shemeji yako aliye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kunatokana na vita alivyoviona Uvira, Kongo, au ni maisha ya kambini. Kwa maoni yangu ni vyote viwili, ila watu hulaumu vita tu na kusahau mahali anapoishi sasa.

Kambi ile ipo Kasulu, Tanzania, tangu 1996. Kutoka nje kunahitaji kibali, na kuni ziko porini. Mwanamke aliyekimbia watu wenye silaha, leo anaogopa kuingia msituni kutafuta kuni za kupikia sombe (kisamvu). Usiku choo kiko mbali na hakuna taa, jirani akikohoa anamsikia kupitia turubai. Mwili utapumzika saa ngapi?

Linganisha na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Sheria yao ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na kule familia hupewa kipande cha ardhi. Siyo peponi, na mashamba yamezidi kuwa madogo, lakini mtu akiamka ana kitu cha kufanya. Kukaa bure miaka na miaka kunaua moyo, usione ni jambo dogo.

Kwanza aende zahanati ya kambi, aseme wazi kwamba halali. Asiseme "kichwa kinauma" tu, atapewa panadol arudi. Pia aulizie kuhamishiwa karibu na ndugu zake. Na kama kuna nafasi pembeni ya nyumba, apande lengalenga (mchicha), naye apate kitu cha kufanya.

Ana watoto wangapi? Na usiku yuko na nani?