Hita ya maji ya sola: punguzo lipi linakufaa?

Baridi ya Juni inapokaribia, wasomaji wa Arusha na Moshi huniuliza sana kuhusu hita za sola, na safari hii karibu wote wanauliza kuhusu punguzo.

Duka moja mjini linataka nilipe milioni 2.4 kwa hita ya lita 200, kisha baada ya miezi mitatu nirudishiwe asilimia 20. Jingine linauza ya aina hiyohiyo milioni 2.05, hakuna cha kurudishiwa. Nichukue ipi? (Njiro)

Ukirudishiwa kweli, ya kwanza itakugharimu 1,920,000, nafuu ya 130,000. Sasa hesabu kusubiri. Kama umekopa saccos kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ile 480,000 iliyolala kwa mwenye duka itakula 43,200. Zinabaki 86,800, na kwa kiasi hicho unamwamini mtu ambaye fedha zako anazo tayari. Mimi ningenunua ya 2.05. Ya kwanza ningeifikiria tu kama kuna barua yenye mhuri inayosema nani anarudisha, duka au mwagizaji, lini na kwa masharti gani, pamoja na risiti ya EFD. Ukiambiwa "usijali, tutamalizana," jali.

Mwanangu yuko Australia, anasema serikali ilimpunguzia bei ya hita. Mbona sisi hatupati? (Shanty Town, Moshi)

Kule hita hupewa vyeti kulingana na umeme inaotarajiwa kuokoa, na wauzaji wa umeme wanabanwa na sheria kuvinunua. Mteja humwachia fundi vyeti vyake, bei inashuka papo hapo. Tunisia, kwa mpango wa Prosol ulioanza 2005, walitoa ruzuku ya asilimia 20, na salio likawa mkopo unaolipwa kidogo kidogo kupitia bili ya umeme. Huo ndio ninaoutamani kwetu, maana kinachoziangusha familia nyingi ni kutoa milioni mbili kwa mkupuo. Kenya mwaka 2012 walichukua njia ya amri: majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge sola.

Punguzo unaloliona madukani hapa kwetu ni la muuzaji mwenyewe. Mkono wa serikali utafute kwenye kodi. Sheria ya VAT ya 2014 ilivitaja vikusanya jua vya mirija ya kioo, yaani ile sehemu ya hita inayopasha maji, katika misamaha, ila orodha hiyo huguswa na Sheria ya Fedha mwaka hadi mwaka. Ukiona umewekewa asilimia 18 juu ya mirija, muulize muuzaji sababu kabla ya kulipa.

Nikipata punguzo, hela yangu itarudi baada ya muda gani? (Sakina)

Inategemea zaidi mnaoga wangapi. Chukua watu watano, kila mmoja lita 25 za maji ya nyuzi 40, na maji ya bombani yawe nyuzi 18. Kuyapasha kwa shawa ya umeme kunakula takriban uniti 3.2 kwa siku. Kwa uniti ya karibu shilingi 356 pamoja na kodi, ni kama 1,140 kwa siku, au 415,000 kwa mwaka. Lakini Arusha kuna wiki za mawingu jua lisipoonekana, nanyi mtarudi kwenye umeme. Tukadirie sola inabeba asilimia 80: unaokoa kama 332,000. Hita ya 1,920,000 itarudisha hela kabla ya miaka sita, ya 2,400,000 itachukua zaidi ya saba.

Mkiwa wawili hesabu inageuka. Mnaokoa kama 133,000 kwa mwaka, na hata baada ya punguzo mtasubiri zaidi ya miaka 14. Na kama nyumba yenu iko kwenye tarifu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni shilingi 100 kabla ya kodi, mtasubiri mpaka hita ichakae. Kwa nyumba hiyo nasema wazi: acheni, hata wakiwapunguzia nusu.

Nimeahidiwa kufungiwa bure, kwa fremu yenye mwinamo wa nyuzi 45. Ni sawa? (Usa River)

Fremu ya 45 inafaa nchi zilizo mbali na ikweta. Sisi tuko nyuzi 3 na ushee kusini yake. Mwezi Machi saa sita mchana, jua likiwa karibu na utosi, fremu hiyo hupoteza takriban robo ya mwanga. Idai ilale nyuzi 15 hadi 20, itazame kaskazini, kwa kuwa Juni na Julai, tunapoyahitaji sana maji ya moto, jua hupita upande huo.

Halafu uliza "bure" inaishia wapi. Mara nyingi inaishia kwenye paa, na bomba la kuteremsha maji ya moto, sponji ya kulifunika na stendi ya simtanki vinabaki kwako. Hita za mirija zisizohimili presha hujazwa kwa mteremko, kwa hiyo simtanki lisipokuwa juu yake hutaoga.

Lita 300 ina punguzo kubwa kuliko lita 150. Tuko wanne. (Majengo, Moshi)

Lita 150. Maji ya tangini huwa moto kupita ya kuogea, mtayachanganya na ya baridi na yatawatosha. Moshi pia iko chini kuliko Arusha, baridi yenu ni nafuu. Hela mtakayobakiza itieni kwenye bomba zuri.