Maswali na majibu: Pip anakuwa mtu mzima lini?

Haya jamani, tangu niseme tunasoma Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens kuhusu kijana Pip, maswali yamekuja mengi, najibu haya.

Mwanafunzi wa S5, Jinja: Pip alikomaa alipopata pesa akaenda London, sivyo?
Hapana mdogo wangu, London ndo ilimharibu. Joe, shemeji yake mhunzi aliyemlea, anaenda kumsalimia na Pip anaona aibu mpaka Joe mwenyewe anaanza kumwita "bwana". Hata Kampala wapo, mama akitoka Masaka na matoke yake mtu anamwambia wakutane huko huko stendi.

Kaka wa boda, Arua: Basi ni lini?
Mi nasema inaanza Magwitch anaporudi kutoka Australia. Pip alidhani anafadhiliwa na yule mama tajiri Miss Havisham, kumbe ni huyu mfungwa mtoro ambaye Pip alimpa chakula utotoni. Kwanza anamwonea kinyaa kabisa, halafu anamficha, anajaribu kumtorosha kwa boti mto Thames, wanakamatwa, na siku ya kesi Pip anasimama karibu naye kamshika mkono mbele ya mahakama nzima, na anajua mali yote itachukuliwa na serikali hatopata hata senti. Hapo niliweka kitabu chini kidogo.

Mwalimu, Gulu: Kabla ya hapo hana jema hata moja?
Analo mwalimu. Alipofika miaka 21 alipewa pauni 500, nusu akailipa kimyakimya rafiki yake Herbert apate ubia kwenye biashara, na Herbert mwenyewe hakuambiwa.

Dada, Fort Portal: Akishaugua na kupona si tayari amekomaa?
Hehe, bado dada! Joe anamuuguza, anamlipia na deni, halafu Pip anarudi kijijini kumchumbia Biddy, rafiki yake wa utotoni, kama vile Biddy ni koti aliloliacha limetundikwa ukutani. Anafika siku ileile Biddy kaolewa na Joe. Ndo anawaomba msamaha wote wawili, anaondoka kufanya kazi ya ukarani ng'ambo, anakula jasho lake, miaka 11 hawajaonana.

Huyohuyo dada: Na Estella, yule Pip anayempenda tangu utotoni, je, wanaoana?
Dickens aliandika mwisho mara mbili. Wa kwanza wanakutana kidogo tu London, Estella keshaolewa tena, basi. Rafiki yake Edward Bulwer-Lytton akamshauri abadilishe, na ule uliotoka 1861 wanatoka bustanini wameshikana mikono, ila ndoa haitajwi popote. Mi naupenda wa kwanza, mke wangu hataki hata kuusikia.