Mzigo kuvuka Kilambo si lazima askari wamekula

Wapo wanaosema mzigo wa dawa za kulevya ukiachwa upite Kilambo, kivuko cha mpakani mkoani Mtwara, basi askari wamekula rushwa. Hapana, mzigo kuachwa uvuke hapo kwenda Msumbiji si ushahidi wa rushwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, ibara ya 11, unaruhusu shehena ya dawa za kulevya ipite huku ikifuatiliwa, ili wanaswe wenye mali na siyo kijana wa bodaboda peke yake (tumezoea kuona huyo ndiye anayefungwa). Hata dawa zenyewe zinaweza kuondolewa zote au kiasi, kikawekwa kitu kingine, na mnunuzi anayesubiri ng'ambo ya Ruvuma akawa ofisa aliyejipenyeza. Ila lazima nchi husika ziwe zimekubaliana. Kama Msumbiji hawakuambiwa chochote, hapo sawa, una haki ya kuuliza.