Ningu na safari yake ya kupanda mto

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, wazee wetu huku kando ya Ziwa Victoria husimulia kwamba zamani, mvua zilipoanza, ningu walipanda mito kwa makundi makubwa, ilhali sisi tunamwona kwa nadra. Je, samaki huyu ametoweka? Na kama wataalamu wanaweza kumzalisha bwawani, tuna haja gani ya kuhofu?

JIBU: Ndugu msomaji, ningu hajatoweka, ila orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imemweka miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wazee wenu wamesema kweli. Wengi humtwika sangara lawama yote, lakini uvuvi wa ningu ulikuwa umekwisha kuporomoka kabla sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, hajaenea.

Kilichomwangamiza zaidi ni nyavu za makila, yaani zile zinazotegwa majini na kumnasa samaki mashavuni, ambazo zilianza kutumika ziwani humo mwaka 1905. Ningu huishi na kunenepa ziwani, lakini hatagi humo. Mito kama Mara, Nzoia na Kagera inapofurika, hupanda kwa makundi hadi kwenye majani ya kingoni yaliyofunikwa na maji, akataga hapo, na baadaye watoto wake huteremka kurudi ziwani. Mvuvi anayetega mdomoni mwa mto msimu huo humnasa jike aliyejaa mayai, kabla hajataga hata moja, na kwa usiku mmoja huondoa kizazi ambacho kingevuliwa miaka ijayo. Kilimo kinachofika ukingoni kabisa, pamoja na tope linaloletwa na mmomonyoko, huzidi kuharibu mazalia yaliyosalia.

Ni kweli kwamba wataalamu wamefaulu kumtagisha ningu kwa kumchoma sindano ya homoni, na kazi hiyo naiheshimu sana. Hata hivyo, samaki wa bwawani akipelekwa katika mto uliozibwa kwa nyavu yatampata yaleyale yaliyowapata waliomtangulia, kwa hiyo sioni kwamba bwawa peke yake linatosha. Ikiwa mwalo wenu, yaani ufuko mnakoshushia samaki, una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, lifikisheni huko ombi moja: mdomo wa mto uachwe bila nyavu tangu maji yanapoanza kupanda hadi mafuriko yatakapopungua, na majani ya kingoni yasilimwe.