Maswali Yenu: Sili Anakula Samaki Kiasi Gani?

Tangu niseme kuwa sili wa Cape, wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha wa Afrika Kusini na Namibia, wanasingiziwa kumaliza samaki, barua zimemiminika. Najibu chache.

Sili mmoja anakula kilo ngapi kwa siku? Nataka kuzidisha kwa idadi yao, milioni 2, halafu kwa siku 365.

Usizidishe. Nimelikataa swali hili mara nyingi na linarudi vilevile. Dume hufikia kilo 300, jike mara nyingi hafiki 80. Kilo hizo unampimia yupi? Msimu wa kuzaliana, Novemba na Desemba, dume hukaa ufukweni wiki kadhaa akilinda eneo lake, hali kitu. Tena kilo ya sadini wenye mafuta inashibisha kuliko kilo ya heki, samaki wa nyama nyeupe wanaovuliwa sana huko. Hesabu za mkato kama hizi ndizo zinazowapa watu sababu ya kuua sili.

Sasa wataalamu wanajuaje?

Kwa kinyesi, hasa. Hukiokota ufukweni, hukiloweka na kukichuja kwa chekeche za matundu madogo mpaka vibaki vijiwe vya masikio ya samaki. Kijiwe cha heki ni kirefu, chembamba, kingo zake zimechongokachongoka. Ukikipima unakadiria urefu wa samaki, na kutoka hapo uzito wake.

Lakini vijiwe vya samaki wadogo huyeyuka tumboni. Samaki mkubwa naye sili humrarua juu ya maji na kichwa huenda kisiliwe. Kijiwe nacho kinapotea. Midomo ya ngisi hufanya kinyume: hubaki tumboni siku nyingi, kwa hiyo anayempasua sili aliyekufa atahesabu ngisi kupita kiasi. Ndiyo maana siku hizi hupimwa pia vinasaba vilivyomo kwenye kinyesi, na asidi za mafuta yaliyo chini ya ngozi, ambazo huonyesha mlo wa majuma yaliyopita.

Kujua kiasi ni kazi nyingine. Jike anayenyonyesha huchomwa sindano ya maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito, huachwa aende baharini kuwinda, na akirudi kwa mwanawe hutolewa damu. Jinsi haidrojeni na oksijeni hizo zilivyopungua mwilini huonyesha nguvu aliyotumia, na nguvu hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa kilo za samaki. Mtu akikutajia namba moja, muulize aliipataje.

Sili si ndiye nguva wetu?

Siye. Nguva anakula majani ya bahari.

Tukiwapunguza sili, si wavuvi watapata heki waliokuwa wanaliwa?

Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Kule heki ni wa aina mbili, wa kina kifupi na wa kina kirefu, na yule wa kina kifupi akikua huwala wadogo wa kina kirefu. Sili humla zaidi yule wa kina kifupi. Muue sili, na huyo mlaji mwingine anaongezeka. Mwaka 1995 watafiti André Punt na Doug Butterworth walipiga hesabu hiyo wakaona kuwa kuua sili huenda kusiwafaidi wavuvi hata kidogo. Afrika Kusini ilisitisha uvunaji wa sili mwaka 1990. Namibia inaendelea kila mwaka, na mimi napinga.

Kijana wangu anasoma Cape Town, huwalisha sili bandarini kwa mkono. Anaharibu vipimo?

Mama, achana na vipimo, mpigie leo aache. Mwaka 2024 kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa sili wa pwani hiyo. Aking'atwa, hata kama ni mkwaruzo tu, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachanjwe.