Makro ya Kuhesabu Maneno na Ankara Iliyorudishwa

Hapa Mbeya, ambako ninatafsiri na kuhariri nyaraka za vyama vya ushirika na tasnifu za wanafunzi, malipo yangu hutegemea idadi ya maneno. Kwa muda mrefu niliamini kwamba makro fupi (yaani mfululizo wa amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe) niliyojiandikia katika Microsoft Word ilikuwa ikinipa idadi sahihi, hadi mteja mmoja wa Iringa aliponirudishia ankara ya maneno 11,300 akieleza kwamba kompyuta yake inaonyesha 9,480 kwa faili lilelile. Iliniuma sana, kwa sababu bila kukusudia nilikuwa nimemdai fedha ambazo hazikuwa haki yangu.

Kosa lilikuwa katika amri moja tu. Makro yangu ilitumia ActiveDocument.Words.Count, ambayo kwa jina lake ungedhani inahesabu maneno peke yake, kumbe inahesabu pia alama za uandishi na alama ya mwisho wa kila aya. Fungua faili jipya, andika “Chai, parachichi, viazi.” bila alama za kunukuu, kisha endesha amri hiyo. Utapata 7: maneno matatu, mikato miwili, nukta, na alama ya aya ambayo kwa kawaida haionekani. Amri inayofaa ni ComputeStatistics ikifuatiwa na wdStatisticWords. Hiyo itakupa 3.

Hata hivyo, amri sahihi haimalizi kazi. Usipoiagiza vinginevyo, ComputeStatistics huacha tanbihi, ilhali kisanduku cha hesabu ya maneno kina mahali pa kuchagua kama zihesabiwe, na hapo ndipo watu wawili waaminifu hutofautiana. Majedwali, kinyume chake, huhesabiwa pamoja na matini. Kwa tasnifu ambazo chuo hakitaki majedwali yaingie katika kikomo cha maneno, mimi huiagiza makro ipitie jedwali moja baada ya jingine, ihesabu maneno yaliyomo, kisha iyatoe kwenye jumla. Orodha ya marejeo nayo huitia alamisho, yaani alama ya kuitambulisha sehemu hiyo ndani ya faili, ili niweze kuipunguza vivyo hivyo.

Angalia pia vistari. Word hutenganisha maneno hasa kwa nafasi, kwa hiyo kistari kilichoachiwa nafasi pande zote mbili huhesabiwa kuwa neno, ilhali “na/au” huwa neno moja. Katika ripoti ndefu yenye vistari vingi, mimi huvitafuta na kuvitoa kwenye jumla.

Kwa wanaotafsiri, kuna jambo zito zaidi: matini ipi ihesabiwe? Sentensi ya Kiingereza yenye maneno matano yaweza kuwa neno moja la Kiswahili, kama vile “nitakuandikia”, na anayelipwa kwa maneno ya Kiswahili bila kuliwaza hilo atafanya kazi kubwa kwa ujira mdogo. Nashauri mkubaliane kuhesabu matini chanzi, yaani ile inayotafsiriwa, kabla kazi haijaanza.

Makro yenyewe ihifadhi katika kiolezo cha Normal, yaani faili la msingi ambalo Word hulitumia kuanzisha faili jipya, ili ipatikane katika kila faili bila kumtumia mteja faili lenye makro ndani yake. Ankara ile niliirekebisha siku hiyohiyo, na tangu hapo kila ankara yangu ina mstari mmoja chini ya jumla unaotaja matini iliyohesabiwa, na kama tanbihi, majedwali na marejeo vimo au havimo.