Kwa nini yai la Dizzy hubingirika hadi kufa

Umeuliza kama bei ya pauni 1.99 ndiyo iliyofanya Dizzy, mchezo wa kompyuta wa kurukaruka uliotolewa na kampuni ya Codemasters mwaka 1987, uwe mgumu kuuongoza, na kwa nini Dizzy mwenyewe, yule mhusika wa umbo la yai, huendelea kubingirika hata baada ya mchezaji kuachia kitufe. Bei haihusiki. Kaseti za michezo za bei hiyo ziliuzwa Uingereza hata katika maduka ya magazeti, ambako mtoto aliweza kujinunulia mwenyewe, ilhali michezo mingi mingine iligharimu mara nne au zaidi.

Ugumu unatokana na jinsi ndugu pacha Philip na Andrew Oliver walivyobuni mwendo wake: Dizzy akisharuka hupiga sarakasi, hawezi kubadili mwelekeo akiwa hewani, na akitua kichwa chini huendelea kubingirika mpaka asimame wima. Kwa hiyo, unaporuka karibu na moto au maji, pima mahali atakapoishia kubingirika, wala si mahali atakapogusa ardhi.

Kinachoniudhi mimi zaidi, kusema kweli, ni kwamba katika mchezo huu wa kwanza hubeba kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, hivyo sehemu kubwa ya safari huwa ni kurudi ulikotoka. Ama zile rangi zinazovamiana katika toleo la ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya zama hizo, hizo ni za mashine yenyewe, ambayo kila kisanduku cha pikseli (vitone vya picha) 8 kwa 8 kiliruhusu rangi 2 tu.